Mungu, bariki mbu

Kikundi: BOMA LA KUKHU 🙏🏾 (watu 11)

JUMAMOSI

[18:52] Mama Imani: 📹 Jameni msikieni huyu mtoto wenu. Nimemwambia aombee chakula, ugali umepoa tukingojea amina.

[18:53] Mama Imani: Ameanza na nyanya yake Kukhu, kuku wa Kukhu, paka wa jirani, gari la takataka. Halafu sikilizeni pale mwisho.

[18:56] Shangazi Roselida: "Mungu bariki mbu" 😂😂😂 nimecheka mpaka abiria wamegeuka

[18:57] Tito: Na mbu ameitikia amina

[18:58] Mama Imani: Alikuwa mmoja ukutani, juu ya kalenda. Amemwonyesha kidole kabisa ili Mungu asikosee.

[19:00] Baba Mdogo Josi: Wapendeni adui zenu. Huyo mtoto ana upako, mimi nilisema tangu mwanzo.

[19:01] Baba Mdogo Josi: Kesho ibada ya kumkabidhi Imani kwa Bwana ni saa tatu kamili. Si saa tatu ya kwetu, saa tatu ya saa.

[19:04] Brayo: 🎤 0:48 Kutoka kwa Kukhu. Samahani nimechelewa, nilikuwa uwanjani tunafunga neti ya goli.

[19:05] Shangazi Roselida: Brayo niandikie, niko kwa matatu, ndio tumepita Kericho na huyu dereva amefungulia redio ya kuamsha wafu.

[19:09] Brayo: Kukhu anasema amecheka. Lakini anauliza hivi, mtoto alifikisha miaka miwili mwezi uliopita. Ile sindano ya mwisho ya malaria ameshadungwa?

[19:15] Brayo: Kukhu anasema anaona mmesoma, alama imekuwa ya buluu. (Mimi ndiye nimemwambia, nisamehe Mama Imani)

[19:16] Mama Imani: Bado, Mama.

[19:18] Mama Imani: Alipofikisha miaka miwili tulikuwa Nakuru kwa wifi. Nilienda na kijitabu chake mpaka kliniki ya huko, wakaniambia hiyo chanjo kwao haiko, ni ya upande wetu wa ziwa. Kurudi Kisumu nikaenda Jumatano, nikafika mchana, wakaniambia chanjo ni asubuhi tu. Sasa wiki hii yote imekuwa mambo ya kesho. Mahema, sufuria, viti.

[19:20] Shangazi Roselida: Ya Nakuru ni kweli, nilikuwa naye. Alipanga laini tangu saa moja.

[19:22] Mama Tito: Nakuru haimo. Hiyo ilianza Homa Bay Septemba 2019, na kaunti ni nane tu: Homa Bay, Migori, Siaya, Kisumu, Busia, Bungoma, Vihiga na sisi Kakamega. Kule kwa baridi mbu hawana nguvu hiyo.

[19:23] Mama Tito: Mtoto anadungwa miezi 6, 7, 9, halafu ya nne miaka miwili. Na hiyo ya nne ndiyo watu wanasahau, kwa sababu mtoto ashatembea, ashatukana, mama anaona kliniki imekwisha. Kinga ya zile tatu hupungua, ndiyo maana inaongezwa. Kwa eneo langu hapa nyumbani kila mwezi natafuta watoto wa hiyo ya nne kama natafuta ng'ombe waliopotea.

[19:25] Baba Mdogo Josi: Mimi naomba niseme kitu na mtu asikasirike.

[19:25] Tito: Haya sasa

[19:29] Baba Mdogo Josi: Sikatai hospitali. Lakini kesho tunamkabidhi huyu mtoto kwa Bwana mbele ya kanisa lote. Mtu akikabidhi kitu Jumapili, Jumatatu asubuhi anakimbia nacho kwa sindano, huyo amekabidhi au amekopesha?

[19:30] Baba Mdogo Josi: Na ile ya miezi tisa mnakumbuka? Mimi ndiye nilimbeba usiku ule akiwa moto kama jiko. Mama Imani alikuwa analia, Baba Imani yuko kazini. Nikaomba mpaka saa kumi.

[19:32] Mama Imani: Nakumbuka shemeji. Ulitusaidia sana.

[19:33] Mama Tito: Joto la chanjo ni la siku moja mbili, unampa dawa ya homa na kumnyonyesha. Joto la malaria lenyewe ndilo la kuogopa.

[19:34] Jairo wa Webuye: Tilapia wakubwa 450 wadogo 250 nafika Kondele saa moja

[19:35] Jairo wa Webuye: Poleni, kikundi si hiki.

[19:35] Shangazi Roselida: Niwekee wawili 😂

[19:38] Tito: ↪️ *Imesambazwa mara nyingi* WAZAZI AMKENI!!! Chanjo ya malaria inafanya wasichana wasizae tuma kwa watu 20...

[19:39] Mama Tito: Tito mwanangu futa hiyo kabla sijatoka jikoni.

[19:39] *Ujumbe huu umefutwa*

[19:46] Brayo: 🎤 1:32 Kukhu tena

[19:52] Brayo: Anasema: Josi, fungua Wafalme wa Pili sura ya 20. Hezekia alikuwa anakufa. Akalia ukutani, Mungu akamsikia, akamwambia nimekuongezea miaka kumi na mitano. Imekwisha hiyo, Mungu ashasema. Sasa endelea kusoma chini kidogo. Isaya akasema leteni tini ziwekwe kwenye jipu. Anakuuliza, Isaya alikuwa amekabidhi au amekopesha?

[19:53] Tito: 🙆🏾‍♂️🙆🏾‍♂️🙆🏾‍♂️

[19:55] Brayo: Anaongeza kwamba Marafiki, wale Quakers wa kanisa lake, walipofika Kaimosi mwaka 1902 walijenga mahali pa kuabudu na mahali pa dawa, na hakuna aliyeona haya. Na kwamba sisi Marafiki hatubatizi hata kwa maji, lakini yeye hajawahi kukukataza maji yako.

[19:58] Baba Mdogo Josi: Mama, kwa heshima. Hezekia alikuwa mgonjwa. Imani si mgonjwa. Na mimi mwenyewe ni ushuhuda, wewe ndiye ulinisimulia. Nilikuwa nimekwisha, nikaombewa, nikaamka nikaomba uji. Miaka yote nasimama kanisani nasema hivyo. Siwezi kesho kusema kitu kingine.

[20:11] Brayo: 🎤 4:07

[20:12] Brayo: Hii siwezi kuandika.

[20:12] Shangazi Roselida: Kwani kuna nini? Tumefika Ahero, siwezi kusikia kitu.

[20:14] Mama Tito: Ngojeni. Nimekaa hapa na yeye. Nitaandika mimi, polepole. Haya ni maneno yake.

[20:21] Mama Tito: "Josi, haya ningekuambia kesho, lakini kesho kuna watu. Ilikuwa 1994, mahindi yamefika kiunoni. Wewe una miaka mitatu, Rasoa mwaka na nusu. Baba yenu yuko Nairobi. Mkashikwa homa siku moja. Nikanunua klorokwini dukani, zile za kujikuna usiku kucha, nikawapa nyote wawili."

[20:25] Mama Tito: "Siku ya pili Rasoa akapoa. Akanyonya, akalala. Wewe ukaanza kutetemeka, macho yakageuka yakawa meupe. Akina mama wa mkutano wa Jumatano wakaja. Aliyewaombea aliweka mkono mmoja kwako, mmoja kwa Rasoa. Maombi yalikuwa mamoja."

[20:29] Mama Tito: "Nilikuwa na mgongo mmoja. Nikakubeba wewe kwa sababu wewe ndiye ulikuwa unalia. Rasoa alikuwa baridi, nikajua yeye amepona, nikamwachia jirani. Nikatembea na wewe mpaka hospitali ya misheni, tukafika usiku. Wakakutia dripu ya kwinini. Siku ya tatu ukaomba uji, hiyo nilikuambia ukweli. Siku hiyohiyo ndipo mtu alikuja na baiskeli kuniambia habari za Rasoa."

[20:33] Mama Tito: "Sikukuambia habari ya dripu. Ulipookoka ukaanza kushuhudia kwamba hukupewa dawa, mimi nilikuwa nimekaa pale mstari wa pili. Nikasema amina na wengine. Ningesimama niseme nini? Lakini dawa ulipewa, niliuza jogoo na sufuria mbili kuilipa. Na Rasoa naye aliombewa."

[20:34] Mama Tito: Amenyamaza sasa. Ameomba chai.

[20:36] Mama Tito: Hili ni langu, si lake. Klorokwini miaka ile ilikuwa ishaanza kushindwa. Inashusha joto, mtoto anaonekana amepata nafuu, na wadudu bado wako ndani ya damu. Serikali iliiacha 1998. Hakuna mama angejua, Josi. Nimemwambia hivyo, sijui kama amenisikia.

[20:37] Shangazi Roselida: Mungu wangu. Mimi nilikuwa shule ya bweni, niliambiwa tu amezikwa.

[20:41] Mama Imani: 😭

[20:58] Baba Imani: Nimetoka kazini sasa hivi, naona ujumbe mwingi. Viti vimepatikana?

[20:58] Tito: Baba, soma kutoka juu.

[21:07] Baba Imani: Nimesoma.

[21:07] Baba Imani: Pole Mama.

[21:19] Baba Mdogo Josi: Nilijua nilikuwa na dada. Nilijua alikufa. Siku ndiyo sikujua.

[21:20] Baba Mdogo Josi: Mama nitakupigia.

[21:44] Baba Mdogo Josi: Mama Imani, hiyo kliniki Jumatatu wanafungua saa ngapi?

[21:45] Mama Imani: Saa mbili, lakini laini inaanza saa moja.

[21:46] Baba Mdogo Josi: Saa kumi na mbili unusu nitakuwa hapo Nyamasaria na pikipiki. Mfunge vizuri, kuna baridi asubuhi.

[21:47] Baba Mdogo Josi: Na kesho tunamkabidhi vilevile.

[21:50] Brayo: Kukhu anauliza nani amesema asikabidhiwe, yeye ameshashona kitenge.

[21:52] Shangazi Roselida: Nimeshuka Kondele. Tilapia wangu wako wapi?

JUMAPILI

[09:34] Baba Mdogo Josi: Wako wapi watu? Mchungaji ameuliza mara mbili.

[09:35] Tito: Tumekwama hapa Kibuye, soko limemwagika mpaka barabarani. Mama anataka kushuka anunue nyanya.

[09:35] Baba Mdogo Josi: ASISHUKE

[13:20] Mama Imani: 📷📷📷📷 Asanteni nyote. Mchungaji alipomwinua, mwenyewe akasema "amina" kabla hajaombewa.

[13:26] Jairo wa Webuye: Mtoto amependeza. Baba Mdogo ushuhuda wa leo ulikuwa mfupi, ulikuwa mgonjwa?

[13:40] Mama Imani: Alisema jina la Rasoa, Jairo. Ilitosha.

JUMATATU

[09:12] Baba Mdogo Josi: Tumemaliza. Paja la kushoto. Amepewa na matone ya vitamini A, na dawa ya minyoo ya kutafuna, hiyo ameipenda, ameomba nyingine.

[09:13] Mama Imani: Imani alilia mara moja tu. Shemeji ndiye alifunga macho 😂 muuguzi akamuuliza kama na yeye anataka kukaa kitini.

[09:15] Baba Mdogo Josi: Nilikuwa naomba.

[09:15] Tito: Sawa sawa

[09:18] Mama Tito: Leo usiku akipata joto ni kawaida. Lakini likizidi siku mbili msiseme ni chanjo, apimwe damu. Na neti haiachwi ati kwa sababu amedungwa. Chanjo inapunguza, haifungi mlango.

[09:20] Mama Imani: Neti analalia kila siku, tatizo anatoa mguu nje.

[19:31] Mama Imani: Ripoti ya jioni: joto kidogo, amekunywa uji kikombe kizima. Ameombea Kukhu, kuku, Baba Mdogo, pikipiki ya Baba Mdogo, daktari. Mbu bado yumo.

[19:33] Baba Mdogo Josi: Mbu anaombewa kabla yangu au baada?

[19:33] Mama Imani: Kabla 😂 pole shemeji

[19:48] Brayo: Kukhu anasema mkipata nafasi Jumamosi mje naye nyumbani, kuna kuku amemtenga. Anasema safari hii firigisi ni ya Imani, wanaume mtanisamehe.

[19:49] Baba Imani: Firigisi? Mama!

[19:50] Jairo wa Webuye: Hii boma imeharibika.

[19:55] Mama Tito: Watalala chumba cha wageni. Nimeingia sasa hivi kutandika. Kamba za neti zinaning'inia, neti yenyewe haipo. Ile kubwa ya buluu tuliyogawiwa.

[19:56] Mama Tito: Brayo.

[19:56] Mama Tito: Brayo, ile neti ya goli ya Jumamosi ilikuwa ya rangi gani?

[19:57] Tito: 👀

[20:02] Mama Tito: Naona umesoma, alama imekuwa ya buluu.

[20:04] *Brayo: Ujumbe huu umefutwa*

[20:05] Mama Tito: Kukhu anavaa viatu. Anasema uwanja hauko mbali.