Mjadala: Je, mfumo wa kompyuta upewe kauli ya mwisho juu ya ajira ya mtu?

Ndugu wanamjadala, hoja iliyo mbele yetu ni namna wakuu wa rasilimali watu wanavyoweza kutumia teknolojia bila kumsahau mtu aliyeajiriwa. Baadhi ya waliotangulia wamesema suala hili halina uzito, kwa kuwa kompyuta haina mjomba wala shemeji, na kwamba kadiri uamuzi unavyoondolewa mikononi mwa binadamu ndivyo haki inavyozidi kupatikana. Sehemu ya hoja hiyo naikubali, maana yeyote aliyewahi kuhudhuria usaili ambao mshindi wake alijulikana tangu juzi anafahamu wanachokikimbia.

Tatizo ni kwamba kompyuta hufunzwa kwa mafaili yetu wenyewe. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon ilikuwa imeachana na programu yake ya kuchuja wasifu wa waombaji kazi. Programu hiyo ilifunzwa kwa wasifu uliopokelewa katika kipindi cha miaka 10, mwingi ukiwa wa wanaume, ikaishia kuwapunguzia alama waombaji walioandika, kwa mfano, kwamba waliwahi kuwa manahodha wa klabu ya sataranji ya wanawake. Hakuna aliyeiagiza ibague. Ilisoma tu tulivyokuwa tukiajiri, ikaendeleza.

Hata hivyo, linalonisumbua zaidi ni dogo kuliko hilo. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo daftari la mahudhurio liliondolewa na kuwekwa mashine ya alama za vidole. Mwenzetu mmoja wa karakana, ambaye ngozi ya vidole vyake ilikuwa imelika kwa miaka ya kushika vyuma na sabuni kali, alikuwa akifika mapema kuliko wengi wetu, akikibonyeza kidole, akikifuta kwenye ovaroli na kukibonyeza tena, kisha akienda zake kuanza kazi huku mashine haijamtambua. Mwisho wa mwezi alikatwa mshahara wa siku 3. Msimamizi wake alikuwa shahidi, na kazi aliyoifanya siku hizo ilikuwepo inaonekana. Lakini alipofika ofisi ya utumishi alijibiwa kwamba mfumo ndivyo unavyoonyesha. Mashine ilikosea, jambo la kawaida kwa mashine. Aliyenishangaza ni afisa, mtu mzima mwenye macho na simu ya mezani, aliyejiona hana la kufanya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba hesabu za likizo, mishahara na kumbukumbu ziachiwe kompyuta, na mapema iwezekanavyo, ili afisa apate nafasi ya kuonana na watu. Ila uamuzi wa kumwajiri mtu, kumkata mshahara au kumwachisha kazi uwe na mwenyewe, anayeweza kuueleza kwa kinywa chake bila kuelekeza kidole kwenye skrini. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inampa mtu haki, isipokuwa katika mazingira machache, ya kutoamuliwa jambo zito na mashine pekee. Sheria yao ya akili unde (AI) ya mwaka 2024 nayo imeiweka mifumo ya kuajiri na kusimamia wafanyakazi katika kundi la hatari kubwa, na kutaka isimamiwe na binadamu.

Usimamizi huo, hata hivyo, unaweza kubaki kwenye karatasi. Afisa anayeletewa majina 400 yaliyokwisha kupangwa na programu, akapewa asubuhi moja kuyapitisha, hasimamii chochote, amegeuzwa muhuri. Ningependa kila mkuu wa rasilimali watu aulizwe jambo moja mwishoni mwa mwaka: ni mara ngapi maofisa wake walitengua uamuzi wa mfumo, na kwa sababu zipi? Jibu likiwa hakuna hata mara moja, ama mfumo huo haukosei kamwe, ama hakuna anayeutazama.

Najua nitaambiwa kwamba kumpa afisa uwezo wa kutengua ni kumfungulia mlango mjomba yule yule. Ndiyo maana nasema sababu ziandikwe na ziwekwe wazi kwa wakaguzi. Wanaopinga hili nawaomba wanijibu: yule fundi wa karakana alipaswa kwenda kwa nani?