Mrejesho: Nimeingia maabara ya wanyamapori

Wakuu, mwezi wa pili niliwauliza mtu asiye na uzoefu wala hela anaingiaje kwenye maabara ya utafiti wa wanyamapori chuoni. Mlionielekeza kwenye picha za Snapshot Serengeti, Mungu awabariki. Mradi huo wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota ulitega Serengeti, kuanzia 2010, kamera 225 zinazopiga picha zenyewe kitu kikisogea mbele yake, na yeyote mwenye intaneti anasaidia kutambua wanyama.

Nilikesha nazo hadi nikaacha kuchanganya swala tomi na swala granti. Siri iko matakoni: weupe wa granti unapanda juu ya mkia, wa tomi unaishia chini yake. Nikamwandikia mhadhiri hayo hayo, bila maneno mengi. Akaniita.

Sasa nachambua picha kila Jumatano. Nyingi ni nyasi tu zilizotikiswa na upepo, lakini juzi fisi alisogeza pua hadi ukungu wa pumzi yake ukaziba lenzi. Nilifurahi mno!

Posho bado hakuna. Mlioulizia namna ya kuchangia: betri na kadi za kumbukumbu ndizo zinazoisha haraka.