Mlingoti wa nyumbani au madarasa ya studio: kipi kinamfaa mwanamke wa miaka 47 anayeanza?

Bintiye Mwalimu
Wanajamvi, habari za jioni. Naomba ushauri wenu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa nina uamuzi wa kufanya na fedha nilizonazo hazitoshi mambo mawili. Nina umri wa miaka 47 na nimeamua kujifunza densi ya mlingoti, yaani kupanda na kuzunguka kwenye nguzo ya chuma, kama mazoezi ya mwili. Nimeshahudhuria vipindi vya majaribio katika studio moja, na tangu niache netiboli sijapata zoezi lililonifurahisha kiasi kile. Nimetenga shilingi 70,000 za Kenya. Ama ninunue mlingoti wangu, ule unaobana kati ya sakafu na dari bila kutoboa, nijifunze nyumbani kwa kufuata video; ama nilipie studio kwa miezi kadhaa. Milingoti niliyoiona ni ya unene wa milimita 45 na wa milimita 50, mingine ya kromu na mingine ya brasi. Wenye uzoefu, mngechagua kipi?

Nahodha
Dada, swali lako ni zuri lakini umeacha mambo ambayo jibu lote linayategemea. Unaishi mji gani, katika nyumba ya chini au ghorofani, na kama ni ghorofani, ni ghorofa ya ngapi? Dari yako ni ya zege au ya jipsamu, na kutoka sakafuni ni mita ngapi? Je, una shinikizo la damu, au umewahi kuumia bega? Tafadhali tujibu haya kwanza, kisha tuzungumzie kromu na brasi.

Arobaini na Nguvu
Wakati tunasubiri majibu yake, mimi nasema studio, na sitabadili msimamo. Nilianza nikiwa na miaka 43. Mwalimu mzuri hutumia sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza kukufundisha namna ya kushusha mabega kabla ya kuning'inia, kwa sababu anayeanza huvuta kwa mikono mitupu huku mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni, na hapo ndipo kano za bega huanza kuumia. Video haikuoni. Zaidi ya hayo, siku ya kujifunza kupindua mwili kichwa chini unahitaji mtu wa kusimama kando yako na kukukinga, pamoja na godoro nene chini. Studio yangu hutoza shilingi 1,500 kwa kipindi, kwa hiyo fedha zako zingekupa zaidi ya vipindi arobaini. Hiyo ni elimu ya miezi mitano ukienda mara mbili kwa wiki.

Msafiri wa Leicester
Nami nafanya mazoezi haya hapa Uingereza, na ningependa Bintiye Mwalimu asikatishwe tamaa na umri wake. Shirikisho la kimataifa la michezo ya mlingoti, lililoundwa mwaka 2009, huendesha mashindano ya dunia tangu yale ya kwanza ya mwaka 2012, na ndani yake yamo makundi ya waliotimiza miaka 40 na ya waliotimiza 50. Mmarekani Greta Pontarelli alianza akiwa na miaka 59, kisha akawa bingwa wa dunia katika kundi la umri wake.

Kuhusu ununuzi, chukua wa milimita 45, ambao ndio kipenyo kinachotumika mashindanini na kimezoeleka katika studio nyingi. Mkono wa wastani huuzunguka vizuri, ilhali wa milimita 50 huchosha viganja vya mwanamke mwenye mikono midogo. Kromu ni laini na husafishika kwa urahisi. Brasi hushika ngozi zaidi, kwa hiyo wanaoishi kwenye joto na unyevu huipenda, lakini mizunguko huwa mizito juu yake. Kama madini ya nikeli hukuwasha, tafuta wa chuma kisichoshika kutu. Tena, ukipata unaoweza kufungwa usizunguke na kufunguliwa uzunguke, jifunze kwanza ukiwa umefungwa, maana mzunguko huleta kizunguzungu ambacho wengi wetu tuliovuka miaka 40 hatukukizoea.

Bi Rukia wa Tanga
Naomba nieleze kwa urefu yaliyonipata, kwa sababu mnazungumzia milimita za mlingoti na dari imetajwa mara moja tu. Nilinunua mlingoti wa kubana kwa muuzaji wa vifaa vya mazoezi, na bei ilijumuisha ufungaji. Kijana aliyetumwa aliigonga dari yangu kwa vifundo vya vidole, akasema panafaa, akaufunga katikati ya sebule. Dari yenyewe ni ya mbao za jipsamu zilizopigiliwa kwenye fremu nyepesi. Sasa mlingoti wa aina hii hauna skrubu inayoushika juu: kinachoushika ni msukumo wake dhidi ya dari, na dari ikilegea, msukumo unakwisha.

Kila niliponing'inia, jipsamu ilikuwa ikipinda kidogo kuelekea juu, mpaka ukatokea ufa wa duara kuuzunguka mlingoti. Nilimpigia simu muuzaji, akanijibu kwamba ni rangi tu inayopasuka na kwamba nikaze zaidi kwa chini. Nikakaza kama nilivyoelekezwa, na kumbe kukaza huko ndiko kulikokuwa kukiisukuma jipsamu izidi kupinda. Jioni moja nilikuwa juu, miguu imeukumbatia mlingoti, ndipo sehemu ya juu ilipochomoka. Mlingoti ukaenda ukagonga kabati, nami nikaangukia nyonga kwenye vigae. Sikuvunjika, alhamdulillahi, lakini daktari alinizuia mazoezi yote kwa muda mrefu, na hadi leo upande ule huuma nikikaa sana. Muuzaji alikataa kurudisha hata senti, akidai kwamba dari si bidhaa yake. Godoro la kuangukia halikuwemo katika kifurushi, wala hakuna aliyenitajia kwamba lipo la kununua.

Kwa hiyo, Bintiye Mwalimu, kabla ya kutoa fedha, panda ngazi uone ni nini kilichoko juu ya dari yako.

Fundi wa Mabomba
Poleni sana, Bi Rukia. Hata hivyo, sioni sababu ya watu kuagiza mlingoti kutoka ng'ambo wakati bomba la maji la inchi moja na nusu linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Fundi anaunga vibao vya chuma juu na chini, anavifunga kwa bolti kwenye zege, na mlingoti huo hautachomoka milele, kwa gharama isiyofika robo ya bajeti ya dada yetu.

Mhandisi wa Juja
Ndugu Fundi, naheshimu kazi yako, lakini hapa sikubaliani nawe. Bomba linaloitwa la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, kwa hiyo anayejifunza kwa 45 studioni atashika kitu tofauti nyumbani. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba bomba hilo limepakwa zinki, na uso wake una matone na mikwaruzo ambayo huchana ngozi ya mapaja na ya nyuma ya goti, sehemu ambazo katika mchezo huu ndizo zinazobeba uzito. Kisha kuna kuunga. Mtu anayejirusha na kuzunguka huvuta upande kwa nguvu inayozidi uzito wake wa kusimama, na nguvu hiyo hurudiwa maelfu ya mara mahali pale pale palipoungwa.

Fundi wa Mabomba
Mhandisi, bomba hupigwa msasa likalainika, na mimi nimeunga mageti yanayofunguliwa kila siku kwa miaka mingi bila kuachana. Hata hivyo nakubali kwamba kazi hii inahitaji fundi anayejua mzigo utakavyovuta, na ubora wa zege lenyewe lazima uangaliwe kwanza.

Mhandisi wa Juja
Ukiisaga zinki kwa msasa, kutu itaanza pale pale palipogusana na jasho. Geti likiachana, hakuna aliyening'inia juu yake kichwa chini.

Shangazi Mwema
Wanangu, nisameheni. Mama wa miaka 47, pengine mwenye watoto wakubwa, ni kweli hana zoezi jingine? Kuna kuogelea, kuna kutembea, kuna ukumbi wa vyuma. Mchezo huu tunajua ulikotoka.

Msafiri wa Leicester
Shikamoo Shangazi. Vilabu vya usiku ni sehemu moja tu ya asili yake. Kule Maharashtra, India, kuna mallakhamb, ambapo wanamieleka tangu zamani walijinyoosha na kujizungusha juu ya nguzo ya mbao iliyopakwa mafuta ya mbarika ili wapate nguvu na wepesi. Wachina nao wana nguzo zao katika sarakasi. Bintiye Mwalimu ameshajaribu na amependa, na zoezi analolipenda mtu ndilo atakalolidumisha.

Tabibu wa Viungo
Kwa upande wa afya naomba kuongeza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na mazoezi ya moyo na pumzi, na mlingoti unatimiza sharti hilo la misuli vizuri sana kwa mikono, mgongo na tumbo. Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi homoni ya estrojeni hupungua na mifupa hupoteza uimara kwa kasi zaidi, hivyo kubeba uzito wa mwili wake kuna faida kubwa. Lakini kano huimarika polepole kuliko misuli. Utajihisi una nguvu ya kupanda ilhali kiwiko na bega havijawa tayari.

Kuna hali nne zinazohitaji daktari kwanza. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, na mwenye presha ya jicho, wasipindue kichwa chini, kwani huko mgandamizo huongezeka. Mwenye kisukari achunguzwe mabega, kwa sababu ugonjwa wa bega kuganda huwapata zaidi wao, na huonekana hasa kati ya miaka 40 na 60. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ajue kwamba michubuko yake itakuwa mikubwa.

Bintiye Mwalimu
Nawashukuru nyote. Naishi South B, Nairobi, ghorofa ya mwisho. Leo nimepanda ngazi kama alivyoniambia Bi Rukia: dari yangu ni jipsamu, na juu yake ni mbao na mabati. Urefu ni mita 2.6. Ninatumia dawa za presha, na imetulia. Shangazi, shikamoo, watoto wangu ndio walionipeleka kwenye kipindi cha kwanza.

Nahodha
Urefu huo unafaa, maana milingoti mingi ya kubana huenda takriban mita 2.2 hadi 2.7. Lakini jipsamu chini ya mabati inakataa. Labda fundi apitishe boriti imara kati ya mbao za paa na kuishusha hadi usawa wa dari, na kwa hilo utahitaji idhini ya mwenye nyumba.

Arobaini na Nguvu
Au aende studio, kama nilivyosema.

Msafiri wa Leicester
Ipo pia milingoti yenye jukwaa lake zito, isiyogusa dari kabisa. Bei yake iko juu ya bajeti yake, na huchukua nafasi kubwa ya sebule.

Bi Rukia wa Tanga
Samahani, nami nina swali. Kwa sisi tunaovaa kwa sitara, suruali ndefu huteleza kwenye kromu. Je, kuna anayejua suruali zenye kitambaa kinachoshika, na kama zinafaa kweli?

Msafiri wa Leicester
Zipo, Bi Rukia, zina mabaka ya mpira au silikoni kwenye mapaja na magoti. Ninazo, na kwa kupanda na kukaa zinashika vizuri. Kwa kukunja goti na kuning'inia, ngozi bado ni bora. Wapo pia wanaotumia mlingoti uliofunikwa silikoni wakiwa wamevaa nguo zote, ingawa huo huwezi kuteleza wala kuzunguka juu yake kwa mkono.

Tabibu wa Viungo
Bintiye Mwalimu, presha iliyotulia kwa dawa haikuzuii kuanza. Muulize daktari wako waziwazi kuhusu kupindua kichwa chini, na usibane pumzi unapojivuta.

Bintiye Mwalimu
Nitamuuliza Alhamisi. Studio nayo nitaiuliza kama wana kundi la asubuhi. Mhandisi, hiyo boriti aliyoitaja Nahodha, ingehitaji mbao ya upana gani?

Mhandisi wa Juja
Siwezi kukutajia kipimo bila kuona nafasi iliyopo kati ya mbao za paa lako. Pima umbali huo pamoja na unene wa kila mbao, kisha uniwekee hapa.