Tupeane uzoefu: siku sheria ya jinai ilipotoka kwenye daftari ikakushika mkono

Mwanafunzi wa Jioni
Wakuu, habari za saa hizi. Leo darasani tumeanza utangulizi wa sheria ya jinai. Mwalimu akasema kosa husimama kwa miguu miwili, kitendo na nia ovu, na mguu mmoja ukikosekana kosa linaanguka. Wenzangu wakaandika, mimi nikabaki nimeshika kalamu, maana alinijia kaka yangu.

Alishuka kwenye basi usiku na begi jeusi lisilo lake, la kwake likabaki kwenye buti. Mwenye begi akaja juu, "mwizi, mwizi", watu wakaanza kujaa. Akatokea askari mmoja mtu mzima, akamuuliza jambo moja tu: "Wakati unalibeba ulijua ni la nani?" Likafunguliwa lile lililobaki kwenye buti, nguo zake zimo, kitambulisho kimo. Ikaishia pale. Miaka yote nilidhani askari yule alimwonea huruma, kumbe alikuwa anapima nia.

Wewe haya mambo yalikukuta wapi? Dhamana, ushahidi, haki ya kunyamaza, mzigo wa kuthibitisha. Washtakiwa, mashahidi, askari, mawakili, wote karibuni.

Karani Mstaafu
Kijana, mwambie mwalimu asisahau kuwafundisha kwamba yapo makosa yasiyouliza nia. Mwendo kasi ni mmojawapo katika nchi nyingi. Nimeandika mashauri ya barabarani mpaka kidole kikaota sugu. Kila dereva, "Mheshimiwa, sikukusudia." Na hakuna aliyemuuliza kama alikusudia. Anaulizwa kibao kilisemaje na gari lilikuwa linakwenda kasi gani.

Dada Mkweli
"Sikukusudia" hawaisemi mahakamani tu mzee wangu, hata nyumbani tunaisikia 😂

Pande Mbili
Mimi nilijifunza tofauti ya jinai na madai kwa maumivu. Mtu alinipiga nikavunjika mkono. Kesi ya jinai ikaenda, akaachiwa huru kwa sababu hakimu alibaki na shaka nani alianza. Nikarudi nyumbani naona dunia imekwisha. Wakili mmoja akaniambia nifungue madai ya fidia kwa tukio lile lile. Nikamwambia si ameshashinda? Akasema kule Serikali ilitakiwa ithibitishe pasipo kuacha shaka yoyote ya maana, huku wewe unatakiwa uonyeshe tu kwamba maelezo yako yanaelekea kuwa kweli kuliko yake. Nikashinda. Ndiyo yaliyomkuta O. J. Simpson, yule mchezaji maarufu wa Marekani aliyeshtakiwa kumuua aliyekuwa mkewe na rafiki wa mkewe: mwaka 1995 baraza la jinai (raia wanaoketi kuamua kesi) likamwona hana hatia, mwaka 1997 baraza la madai likaona anawajibika kwa vifo vile vile na akaamriwa kulipa dola milioni 33.5. Watu wanasema mahakama zilijipinga. Hazikujipinga, mizani ilikuwa tofauti.

Mchungaji wa Hoja
Kweli tupu.

Mfupi wa Maneno
Umenifungua macho mkuu.

Wa Tatu Kutoka Kushoto
Nilikuwa napita tu, sikuwa na nia ya kuandika. Nimesoma neno "ushahidi" hapo juu mwili ukasisimka.

Nilikamatwa natoka kazini. Duka lilikuwa limevamiwa siku za nyuma na mwenye duka, mama mmoja, alikuwa ameeleza kwamba mmoja wao ni mrefu, mwembamba, ana ndevu chache. Basi. Maelezo hayo yanatosha kukamata nusu ya wanaume waliokuwa barabarani jioni ile. Wakanipeleka kituoni, wakaniambia ni mahojiano mafupi tu, kama sina hatia nisihofu. Nikasema kila kitu. Nilikuwa wapi, na nani, nimekula nini. Kwa sababu sina hatia, naficha nini? Sehemu moja nikachanganya Jumanne na Jumatano. Nikaja kuisikia tena ile Jumanne mahakamani, inasomwa kama ushahidi kwamba mimi ni mwongo.

Kisha gwaride la utambulisho. Tulipangwa mstari, na mimi nilikuwa wa tatu kutoka kushoto. Nilipogeuka kuangalia wenzangu moyo ukanidondoka. Wengine wafupi, mmoja mzee, mmoja mnene kabisa. Mrefu mwembamba mwenye ndevu chache nilikuwa mimi peke yangu. Mama akaingia. Akapita polepole, akanipita, mimi nikashusha pumzi. Halafu akasimama, akarudi, akaninyooshea mkono, akanigusa bega.

Sijui nieleze vipi mguso ule. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Yule mama hakuwa anadanganya, angekuwa mwongo ningemchukia na yangeisha. Alikuwa ananiogopa kwelikweli. Niliona hofu machoni pake na kwa sekunde kadhaa nikajiuliza, hivi ni kweli sikuwepo pale? Nikawa natafuta kwenye kichwa changu mwenyewe. Mpaka leo hicho ndicho kinachoniamsha usiku, rumande haiko hata karibu.

Dhamana ya kwanza ilikataliwa, walisema nitatoroka. Kazi ikaenda. Mchumba naye akaenda, sitaki kumzungumzia. Kesi ilipoanza kusikilizwa, wakili wangu, kijana mdogo kuliko mimi, alimuuliza yule mama kwa upole sana. Mwanga ulikuwa wa nini? Taa ya nje. Umbali? Alimwona kwa muda gani? Bastola ilikuwa inaelekea wapi? Kwangu. Na wewe ulikuwa unaangalia nini, uso wake au bastola? Mama akanyamaza. Swali la mwisho: kabla ya gwaride ulionyeshwa picha yoyote? Akajibu kwa nia njema kabisa, ndiyo, nilionyeshwa picha ya huyu kijana.

Hakimu akaacha kuandika. Upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi wao akasema hakuna kesi ya kujibu. Nikatoka. Nikakutana na yule mama kwenye korido, akajibana ukutani ili nipite. Bado aliamini ni mimi.

Dada Mkweli
Mungu wangu. Pole sana kaka.

Mfupi wa Maneno
Mwizi mwenyewe alipatikana?

Wa Tatu Kutoka Kushoto
Hapana, si kwa ninavyojua.

Kiherehere
Na mchumba alirudi? 👀

Dada Mkweli
Kiherehere, jina umejichagulia vizuri. Kasema hataki kumzungumzia.

Wakili Bila Joho
Ndugu yangu, umeeleza kwa aya chache tatizo ambalo majaji walihangaika nalo miaka mingi. Uingereza mwaka 1976, katika shauri la Turnbull, mahakama ya rufani iliagiza kwamba kesi inapotegemea utambuzi wa macho, jaji lazima alionye baraza kuhusu hatari ya makosa, na waangaliwe mwanga, umbali, muda, kama shahidi aliwahi kumwona mtu huyo kabla. Maswali ya wakili wako yamefuata njia hiyo hiyo. Shahidi mkweli anaweza kukosea na bado akasadikisha watu. Marekani kuna Kirk Bloodsworth: mashahidi watano walimtambua, akahukumiwa kifo, na mwaka 1993 vipimo vya vinasaba vikaonyesha si yeye.

Na hiyo picha ndiyo sumu. Mtu akishaonyeshwa picha, kwenye gwaride anaweza kuitambua picha huku akidhani anamtambua mwizi. Akili haimwambii kumbukumbu imetoka wapi.

Kanzu Begani
Nimekuwa mpelelezi muda mrefu kwa hiyo niseme upande wa pili, maana hapa naona polisi tunaanza kuchomwa. Huyo bwana pole, gwaride lake lilipangwa ovyo na picha haikupaswa kuonyeshwa, nakubali. Lakini kwa kila mmoja kama yeye, nimeona wengi wanatoka wanacheka kwa sababu shahidi alichoka kuja mahakamani, au kielelezo kilikosa saini moja njiani. Wakili anajua mteja wake kafanya na bado anasimama pale na tai yake. Maadili hayo?

Wakili Bila Joho
Maadili ndiyo, tena yameandikwa. Mteja akikiri kwangu, siruhusiwi kusimama kuiambia mahakama kwamba hakuwepo, wala kumweka shahidi aseme ninachojua ni uongo. Ninachoruhusiwa ni kukuuliza wewe afande: saini iko wapi? Kielelezo kilikuwa kwa nani kati ya Ijumaa na Jumatatu? Unaiita saini moja. Bila hiyo saini, nani atajua kwamba unga uliopimwa maabara ndio uliokutwa mfukoni?

Kanzu Begani
Darasani maneno matamu. Siku ukiibiwa utanipigia mimi, hutampigia profesa.

Pande Mbili
Lakini afande, kazi ya kuthibitisha ni yenu. Haijawahi kuwa ya mshtakiwa.

Wakili Bila Joho
Na hili halikuwa wazi siku zote. Mwaka 1934 kijana wa shambani Uingereza, Woolmington, alimpiga mkewe risasi akafa, akasema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji akaliambia baraza kwamba ikishathibitika amemuua, ni juu yake kuonyesha ilikuwa ajali. Akahukumiwa kifo. Mwaka 1935 kesi ikapanda mpaka ngazi ya juu kabisa, na pale jaji Lord Sankey akasema wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha hatia ni uzi wa dhahabu unaopita katika sheria yote ya jinai ya Uingereza. Akaachiwa.

Kanzu Begani
Na kama kweli alimuua kwa makusudi?

Karani Mstaafu
Basi aliachiwa muuaji. Blackstone, mwanasheria wa Uingereza, aliandika tangu karne ya 18 kwamba ni afadhali wenye hatia kumi waponyoke kuliko asiye na hatia mmoja ateseke. Afande, hesabu hiyo hamjawahi kuipenda.

Mama Wawili
Samahani, mimi si msomi. Mdogo wangu aliuawa na mtuhumiwa aliachiwa. Hiyo hesabu ya kumi kwa mmoja, hakuna aliyekuja kuniuliza kama nakubali kuwa upande wa wale kumi. Sisemi ni mbaya. Nasema tu mnapoiandika kirahisi hivyo, mjue kuna watu wanaoilipia.

Karani Mstaafu
Nimekusikia mama. Pole.

Mwanafunzi wa Jioni
Pole sana mama. Mjadala umekuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Naomba basi na ushauri wa vitendo: mtu akikamatwa leo, afanye nini?

Wakili Bila Joho
Taja jina lako, uliza unatuhumiwa kosa gani, omba wakili, nyamaza. Usisaini usichokisoma.

Kanzu Begani
Sema ukweli mapema. Asiye na la kuficha hutoka haraka.

Wa Tatu Kutoka Kushoto
Afande, umesoma nilichoandika?

Mchungaji wa Hoja
Kunyamaza nako kuangaliwe. Marekani, tangu shauri la mwaka 1966 la Miranda, mtu aliyeungama polisi bila kuambiwa haki zake, polisi lazima wakuambie haki hiyo kabla ya kukuhoji ukiwa chini ya ulinzi. Uingereza nako, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu mahakama kujiuliza kwa nini hukusema mapema jambo unalokuja kulitegemea kwenye utetezi. Kwa hiyo wakili kwanza, halafu yeye ndiye aamue unyamaze au useme.

Pande Mbili
Na huyo Miranda mwenyewe msidhani alienda nyumbani kula raha. Kesi ilisikilizwa upya bila maungamo yake, akatiwa hatiani tena.

Kanzu Begani
Umeona! Ushahidi mwingine ulikuwepo, maungamo hayakuhitajika.

Wakili Bila Joho
Afande, hapo ndipo tunapokubaliana kwa mara ya kwanza leo. Tafuteni ushahidi mwingine.

Dada Mkweli
Ushauri wangu: uwe na namba ya simu ya mtu mmoja unayemwamini kichwani. Simu inachukuliwa mapokezi, unabaki unakumbuka namba yako mwenyewe tu.

Kiherehere
Mimi nanyamaza mpaka nikienda msalani naomba kwa ishara.

Mwanafunzi wa Jioni
😂 Asanteni. Kesho tuna mjadala wa ile kesi ya mwaka 1884, Dudley na Stephens. Mabaharia wanne kwenye kimashua baada ya chombo chao kuzama, hakuna chakula, hakuna maji. Kijana wa miaka 17, Richard Parker, alikuwa amekunywa maji ya bahari akalegea kabisa. Wakamuua, wakamla, siku chache baadaye wakaokolewa. Nimepewa upande wa kuwatetea. Niseme nini?

Karani Mstaafu
Sema dharura ya kuokoa uhai, na ujiandae kushindwa kama wao. Mahakama ilikataa kwamba dharura ni utetezi wa mauaji. Wakahukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikapunguzwa mpaka kifungo cha miezi sita. Waulize wenzako: kama walikuwa wauaji kamili, kwa nini miezi sita? Na kama hawakuwa, kwa nini kitanzi?

Mama Wawili
Na mimi nauliza, kwa nini mtoto? Hawakupiga hata kura.

Karani Mstaafu
Ndivyo ilivyokuwa mama, kura haikupigwa. Majaji nao waliuliza swali karibu na lako: nani ana mamlaka ya kupima maisha ya nani yaendelee?

Kiherehere
Subirini. Mmesema mabaharia wanne. Mmoja kaliwa, wawili kitanzini. Wa nne je?

Karani Mstaafu
Brooks. Alisema hakukubali mauaji, ila alikula. Upande wa mashtaka haukuleta ushahidi dhidi yake, akaachiwa, akageuzwa shahidi dhidi ya wenzake.

Kiherehere
Kashiba na kaachiwa.

Kanzu Begani
Sasa huyo ndiye ningependa kumhoji.

Wakili Bila Joho
Angenyamaza.