Kupima zebaki kisimani: nukta za kaboni, rodamini au maabara?

Mchimbaji_Mstaafu
Wakuu, habari za jioni. Niko Geita. Juu ya kisima chetu kuna mwalo wa kuoshea dhahabu kwa zebaki, na mvua ikinyesha maji ya marudio (mchanga uliokwisha kuoshwa) yanashuka mpaka karibu na ukuta wa kisima. Nasikia zipo dawa zinazong'aa ukizimulika kwa tochi ya UV, zikikutana na zebaki mng'ao unabadilika. Ipi ya kuaminika? Kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 6 kwa lita, Marekani 2. Mfuko wangu si mnene.

BintiKemia
Shikamoo mzee. Rahisi kuliko zote ni nukta za kaboni, yaani chembe ndogo mno za kaboni. Zinapikwa hata kwa asidi ya sitriki, zinang'aa bluu, zebaki ikiingia zinafifia. Kwenye maji safi zinagundua hata chini ya maikrogramu 1 kwa lita.

Mchimbaji_Mstaafu
Marahaba. Hizo ninazo, kijana wangu aliniletea kichupa kutoka chuoni. Nilitia maji ya kisima, mwanga ukazimika. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikatia maji ya mvua niliyokinga batini, yakang'aa vizuri. Nikaenda lambo la ng'ambo ya kilima, ambako hakuna mwalo wala karasha (mashine ya kusagia mawe). Nako ukazimika!

Fundi_Maji
Udongo wa huko mwekundu?

Mchimbaji_Mstaafu
Kama tofali.

Fundi_Maji
Basi huenda umepima chuma. Nukta nyingi za kaboni huzimwa na chuma kama zinavyozimwa na zebaki, na tope peke yake linameza mwanga. Ulifanya la maana kwenda lambo lile, wengi wangeishia kisimani na kutangaza msiba. Mimi kwa maji ya Kanda ya Ziwa siamini kihisi (dawa ya kupimia) kinachozimika, maana cha kuzima mwanga hakikosekani. Nataka kinachowaka.

BintiKemia
Nakubali, nilijibu haraka. Cha kuwaka ni rodamini, aina ya rangi inayong'aa, ambayo molekuli yake imefungwa pete na kuwekewa salfa. Ikiwa imefungwa haina rangi. Zebaki inaipenda salfa mno, inaing'oa, pete inafunguka na maji yanageuka waridi, unaona hata bila tochi. Ila ni ya kutumia mara moja, nyingi zinataka kuchanganywa na alkoholi, na baadhi hudanganywa na fedha au shaba. Vipo pia vishada vya dhahabu (atomi chache zilizoshikana) ndani ya protini ya damu ya ng'ombe, vinang'aa vyekundu. Mwaka 2010 Xie, Zheng na Ying walivifikisha kwenye maikrogramu 0.1 kwa lita. Lakini navyo huzimika.

Mchimbaji_Mstaafu
Dhahabu tena! Na hiyo rodamini, nikichuja tope kwanza?

Fundi_Maji
Ukichuja, zebaki iliyoshikana na tope inabaki kwenye chujio, unapima iliyoyeyuka tu. Usipochuja, tope linakuharibia usomaji. Ndiyo maana mimi kihisi nakitumia kuchagua visima vya kupeleka maabara kwanza, sikitumii kuamua nani anywe. Na hakikuambii lolote kuhusu samaki, ndani yao zebaki imegeuka zebaki ya methili, ndiyo iliyoumiza watu wa Minamata, Japani, waliokula samaki.

Maabara_Mwanza
Maabara tunaitoa zebaki yote kwenye tope kwa asidi, tunaigeuza mvuke kwa kloridi ya bati, kisha tunaisoma kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7. Chuma hakitusumbui. Kinachotusumbua ni chupa: watu wanaleta sampuli kwenye chupa ya plastiki ya maji ya dukani, imekaa siku nne kwenye basi na nyumbani. Zebaki imeshagandama kwenye ukuta wa chupa au imepotea, jibu linatoka "salama".

Mchimbaji_Mstaafu
Nina chupa ya kioo ya sharubati. Asidi niichukue kwa fundi betri?

Maabara_Mwanza
Hapana mzee! Ya betri ni salfuriki, tena chafu. Piga simu maabara kabla ya kuchota, uombe chupa iliyooshwa na kutiwa asidi ya nitriki tayari. Chota mbili: moja kisimani, moja kule lamboni kwako.