Kila Shujaa wakipigwa mnataka kocha aondoke. Hivi mmeshahesabu waliokwisha kupita?

Wakuu, salaam. Leo nimejaa mpaka hapa, acha niseme.

Mimi ni Mtanzania, nipo Dar, na timu inayoninyima usingizi ni Shujaa ya Kenya, raga ya wachezaji saba. Msiniulize uzalendo. Nilisoma Nairobi, raga nikaionea Ngong Road, na mapenzi hayo nikarudi nayo nyumbani. Tunaoifuatilia huku ni wachache. Tunakutana kijiweni Mwenge, tunachangia bando, simu moja tunaiegemeza kwenye chupa ya maji, maana TV ya pale ni ya Simba na Yanga.

Majuzi zimebaki dakika mbili, tunafungwa, mmoja akasema, "Huyu kocha aondoke." Wa pili akadakia, wa tatu akaitikia. Nililipa chai yangu nikaondoka, maana ningebaki tungekosana. Usiku nafungua makundi ya mashabiki, wimbo ni uleule: kocha, kocha, kocha.

Sasa tuhesabu. Kocha Mike Friday alikuja Kenya 2012. Msimu wake Kenya ilimaliza ya tano duniani, na Juni 2013 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Moscow. Akaondoka. Akaja Paul Treu kutoka Afrika Kusini, akaondoka. Felix Ochieng. Benjamin Ayimba. Innocent Simiyu. Paul Murunga. Paul Feeney. Simiyu tena. Damian McGrath. Kevin Wambua. Kutoka 2012 mpaka 2023! Wengine walifukuzwa, wengine walichoshwa wakabeba mabegi wenyewe, kwangu ni mamoja. Mchezaji aliyeanza kuitwa timu ya taifa akiwa na miaka 20 amefika 30 akiwa amefundishwa na watu wengi kuliko walimu wake wa shule ya msingi.

Na huyo Friday mnajua alikwenda wapi? Marekani, 2014. Mwaka uliofuata wakabeba kombe London, lao la kwanza kwenye mzunguko wa dunia, yale mashindano ya raga ya saba yanayozunguka nchi mbalimbali kila msimu. Msimu wa 2018/19 wakamaliza wa pili dunia nzima. Walikaa naye miaka kumi, mpaka Olimpiki ya Paris. Katika miaka hiyo kumi alikuwa na misimu mibaya pia, na walikaa naye hivyo hivyo.

Inayoniuma zaidi ni ya Ayimba. Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, fainali, Kenya 30, Fiji 7. Fiji hiyohiyo iliyochukua dhahabu ya Olimpiki Rio miezi minne baadaye. Lilikuwa kombe letu la kwanza, na nililia mbele ya watu wazima wenzangu, sioni aibu kulisema. Sasa wengi mnadhani Ayimba aliokota ushindi ule ndani ya mwaka mmoja. Hapana. Aliwahi kuwa kocha wa timu ileile zamani, akaifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia Dubai mwaka 2009, na mchezaji Collins Injera aliyekuwa naye Dubai ndiye aliyekuwa naye Singapore. Walijuana miaka. Kisha Rio ikaenda vibaya, tukawa wa 11, na kazi yake ikaishia hapo. Miezi minne baada ya kumfunga Fiji! Ayimba hatunaye tena tangu Mei 2021, na mimi mpaka leo sijaridhika na namna alivyoachwa.

Simiyu naye, 2018, fainali mbili mfululizo kwa miezi miwili, Vancouver na Hong Kong. Zote tulifungwa na Fiji, lakini fainali ni fainali. Juni pale Paris wachezaji wakaficha jina la mdhamini kwenye jezi kwa sababu ya ugomvi wa posho. Je, kocha ndiye aliyekuwa analipa posho? Msimu uliofuata ukaanza na kocha mwingine, timu ikahangaika mkiani.

Mnaosema "kocha mpya ataleta mwamko", hebu fikirini huu mchezo unavyokwenda. Mechi ni dakika 14 tu, saba kwa saba. Kwenye raga hii aliyefunga trai, yaani bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, ndiye anayepiga mpira wa kuanza upya, kwa hiyo aliyefungwa ndiye anayepaswa kuudaka. Ukiukosa ule mpira wa juu, unafungwa ya pili hujagusa kitu, na ukiukosa tena mechi imekwisha. Kuudaka kunataka mmoja aruke, wenzake wamnyanyue kwa mapaja, wote wajue sekunde gani na upande gani bila kuitana. Kitu hicho hakiji kwa hotuba chumba cha kubadilishia nguo. Kinakuja kwa jioni nyingi sana na mtu mmoja anayejua nani anachelewa kuruka.

Nalijua hili kwa macho yangu. Hapa Dar nasaidia mazoezi ya vijana, Jumanne na Alhamisi, kiwanja cha vumbi, mipira mitatu, mmoja una kiraka cha tyubu ya baiskeli. Tulikuwa na kijana mrefu, miaka 15, kila mpira ukija juu anafumba macho. Kocha wetu alikaa naye miezi mitatu. Alianza kumrushia kwa mkono toka hatua tano, akasogea kumi, ndipo akaanza kumpigia kwa mguu. Siku aliyoudaka akiwa hewani macho wazi, alitua, akakaa chini kwenye vumbi, akaukumbatia ule mpira, hakutaka kumpa mtu.

Tukaenda mashindano, tukapigwa mechi tatu. Kamati ikakaa kikao, watu ambao mazoezini sijawahi kuwaona, ikamtoa kocha. Aliyekuja akamhamishia yule kijana pembeni eti ana kasi, mipira ya juu akapewa mwingine. Baada ya mwezi hakuonekana. Nilimfuata kwao Mbagala, mama yake akaniambia, "Mwalimu, anasema amechoka kuanza upya kila mara." Sikuwa na la kumjibu yule mama.

Na sisi Watanzania tusijifanye tuko pembeni. Kocha Emmanuel Amunike aliipeleka Taifa Stars, timu yetu ya soka, AFCON 2019, ya kwanza tangu 1980. Tukafungwa mechi tatu, akaondolewa mwezi Julai. Miaka 39 ya kusubiri, mechi tatu za hukumu.

Sisemi kocha hakosei. Yupo anayechelewa kuingiza wa akiba mpaka watu wameishiwa pumzi, hilo mseme, mtaje na dakika. Lakini Mei 2023 pale London, Kanada walipotufunga 12-7 tukashuka daraja, kilichofuata ni kilekile, McGrath akaondoka. McGrath huyohuyo aliyewapa Kanada hao kombe la Singapore 2017! Ina maana alipokuwa kwao alijua kufundisha, alipofika kwetu akasahau?

Olimpiki tatu, Rio, Tokyo, Paris, makocha watatu. Wakenya mliomo humu, nitajieni kocha mmoja tu aliyeiongoza Shujaa kwenye Olimpiki moja akawa bado kazini ilipofika inayofuata. Mmoja. Nasubiri hapa.