Kodi ya kulipa mara nne kwa mwaka haijui msimu wa korosho. Wabunge wa Kusini mko wapi?

Wakuu, nimechoka. Nina duka la vyakula Mtwara mjini, la kawaida tu, mchele, unga, mafuta, sabuni, soda. Nina wasaidizi wawili. Naomba mtu anieleze kwa nini sheria zimeandikwa utadhani huku kila mtu anapokea mshahara tarehe 25.

Mtu yeyote wa Mtwara au Lindi anajua hela yetu inavyokwenda. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Mkulima anauza kwa stakabadhi ghalani (korosho zinakaa ghalani, yeye anabaki na karatasi), anasubiri aingiziwe benki, na akishaingiziwa ndipo na sisi tunapumua, mpaka Januari hivi. Baada ya hapo ni daftari la madeni. "Andika tu, korosho zikilipwa nakuja." Mwezi wa sita mteja huyohuyo kila shilingi yake inaishia kwenye salfa, dawa ya mikorosho, na vibarua wa kupulizia.

Sasa tazama kodi ya makadirio: mwisho wa Machi, Juni, Septemba, Desemba. Juni na Septemba zinanikuta mkavu kabisa, Machi ndiyo naelekea huko. Nafanyaje? Natoa mtaji nalipia kodi. Oktoba wateja wanarudi na hela mkononi, shelfu hazina kitu, nakimbilia kukopa mzigo kwa bei ya anayenikopesha. Faida ya msimu inaondoka na wenye maduka ya jumla! Kuandika kwenye sheria kwamba mfanyabiashara mdogo wa mikoa ya korosho alipe sehemu kubwa Desemba na iliyobaki Machi kunahitaji nini? Serikali itapata hela ileile.

Hapo sijagusa leseni, taka, zimamoto, mizani, na ushuru wa huduma (huo unapigwa kwenye mauzo, uwe umepata faida au hujapata). Kila mmoja anakuja na siku yake na ukali wake.

Mwaka jana wakusanyaji fulani, sitawataja, walikuja mimi nikiwa stendi napokea mzigo. Dada wa duka akawaomba wanipigie simu. Hawakupiga. Wakamtoa nje, karatasi mlangoni, kufuli. Pochi yake ndani, simu yake ndani inachajiwa, na hotpoti ya chakula chake cha mchana ndani. Alikaa barazani mpaka narudi. Deni nililipa jioni ileile, duka likafunguliwa kesho yake saa tano, eti mwenye ufunguo ameshatoka kazini. Ujira wa dada wa siku hizo nilitoa mimi, si wao.

Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu alikwenda mwenyewe kuwasikiliza. Sisi tukifunga hapa atakuja mtendaji wa kata kutuuliza nani kawaruhusu.

Najua kuna watakaosema wenye maduka ndio tunaowanyonya wafanyakazi. Hapo mna haki, kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa dada wa duka mkataba wa maandishi, likizo ya siku 28 na siku 84 za uzazi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida 10 zangu na 10 anakatwa yeye. Anastahili vyote hivyo. Mtaani kwetu ni wangapi wanavipata? Mkaguzi wa kazi sijawahi kumwona hata kivuli, wa ushuru nawajua mpaka pikipiki zao. Binti akishika mimba anarudi kwao Newala mikono mitupu, wiki inayofuata kuna mwingine kaunta.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi: kodi yangu inakadiriwa kwa mauzo. Nikimwandikisha binti NSSF, kodi haipungui hata senti. Jirani ambaye hajaandikisha mtu, mauzo yetu yakiwa sawa, analipa kodi sawa na mimi, na sukari anauza bei ya chini. Yaani anayefuata sheria ndiye anayeumia.

Msiniambie haiwezekani kutofautisha mdogo na mkubwa. Mwaka 2021 Bunge lilisogeza kiwango cha SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi anayolipa mwajiri), mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 10 halipi. Zamani ilikuwa chini ya wanne. Iliwezekana. Kwa nini iliishia hapo?

Nataka sheria, matamko ya jukwaani tumeshiba. Awamu za kodi zifuate msimu. Tozo zote ziwe na namba moja ya malipo. Kufuli lisiguse mlango bila notisi ya maandishi ya siku 14, na mfanyakazi asitolewe nje kama mwizi. Ninachomchangia mfanyakazi NSSF kipunguzwe kwenye kodi yangu, muone kama watu hawataandikisha.

Maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Fedha yanasikilizwa Dodoma. Muuza mchele wa Mtwara afunge duka asafiri? Ndiyo maana kuna wabunge. Juni 2018 wabunge wa Kusini walisimama kidete kwa ajili ya ushuru wa korosho zinazokwenda nje, kwa hiyo sauti ipo. Kanuni zinamruhusu mbunge kupeleka muswada binafsi. Nani kati yenu yuko tayari?

Na nyie wa Masasi, Nachingwea, Kilwa, Ruangwa, mwageni hapa chini: lini mlifungiwa mara ya mwisho, na mlikuwa mnadaiwa shilingi ngapi?